Jiwe la Kijani la Kona ya Kanisa

Chuo Kikuu, Dar es Salaam
8 Februari 1981

Mpendwa Baba,

Tumsifu Yesu Kristo. Mimi mzima, hofu ni kwenu tu. Goti linaendeleaje? Mama hajambo?

Baba, lile gunia la mawe nililoacha chini ya kitanda, mpe Thomasi, mwanafunzi mwenzangu wa hapo kijijini, aje nalo akirudi chuoni. Ni yale niliyookota bondeni, nyuma ya milima ya Ngorongoro. Nje yana ganda la lava nyeusi, ndani ni ya kijani. Volkano iliyang'oa chini kabisa, chini ya miamba yote tunayoijua, ikayabeba hadi juu. Huko hajafika mtu wala mashine. Aprili nasimama mbele ya walimu kutetea kazi yangu, na bila mawe hayo sina kazi ya kutetea.

Bintiyo,
Domitila

Ganako, Karatu
24 Februari 1981

Binti yangu,

Milele amina. Tu wazima, ila goti linauma mvua ikinukia tu.

Mawe yako yamo kwenye ukuta wa kanisa.

Usinipigie kelele kwanza! Parokia inajenga, na kila nyumba ilitakiwa kupeleka mawe. Kwa goti hili ningepasua mwamba gani? Nikaona gunia, nikasema Mungu ni mwema. Tena waliolipokea waliguna: mawe madogo, mazito kama chuma! Nilijisifu mbele za watu. Na wewe, msomi mzima, unaacha mali chini ya kitanda bila hata neno! Okota mengine, mwanangu.

Baba yako,
Bonaventura

Dar es Salaam
6 Machi 1981

Baba mpendwa,

Shikamoo. Poleni na mvua.

Nitaokotaje mengine? Petroli hakuna, gari la chuo limelala. Basi nahitaji moja tu. Limepasuka upande, na kijani chake kinapitiwa na mshipa wa ulanga, yale madini ya vigamba vinavyometameta. Mwalimu wangu anasema ulanga huo uliingizwa na lava njiani. Mimi nasema la! Mshipa unafika kwenye ganda jeusi na kukatika hapo hapo, kama mzizi uliokatwa na jembe. Yaani ulikuwepo kabla lava haijalinyakua jiwe. Na ulanga huo hauumbiki bila maji. Maana yake mwamba wa huko chini ulikuwa umelowa hata kabla ya mlipuko! Nimeuona kwa macho yangu, lakini bila jiwe ni porojo, na watanikatalia shahada.

Baba, nakusihi, bomoeni ukuta.

Mwanao,
Domitila

Ganako
2 Aprili 1981

Domitila binti yangu,

Najua umetununia kwa kimya chetu. Thomasi anakuletea barua hii pamoja na jiwe. Lishike kwanza, ndipo usome.

Mzee Felisiani, mkuu wa ujenzi, aligoma. "Kilichotolewa kwa Mungu hakirudi nyumbani." Nilikwenda, nikarudi, nikaenda tena, akaniambia nisimchoshe. Basi Jumapili, baada ya matangazo, mama yako akasimama. Benedicta, ambaye hata kwenye kikundi cha akina mama hasemi! Akasema, "Mtoaji ni mwenye mali. Jiwe ni la Domitila, na Domitila hakulitoa. Bonaventura ametoa cha mtu." Eh! Watu wakaangua kicheko, mimi nikatazama viatu. Felisiani mwenyewe akamwita fundi.

Fundi Piusi alikumbuka kwamba mazito aliyaweka chini, kwenye kona. Akachokoa kwa patasi, akina mama wakaleta mawe mengine ya kuziba tundu. Lako lilipotoka, na saruji yake mgongoni, nililia. Nasema kweli.

Nenda ukawaonyeshe!

Baba yako

Dar es Salaam
27 Aprili 1981

Baba na Mama wapendwa,

Tumsifu Yesu Kristo! Mimi ni mzima kupita kiasi.

Nimeshinda! Tulilikata jiwe, tukasaga kipande kikawa chembamba hadi mwanga ukapenya. Kwenye hadubini mshipa ukaonekana, umekatwa na lava, safi kabisa. Mwalimu aliinamia hadubini mpaka chai yake ikapoa. Kisha akawaambia wenzake, "Nilikosea. Mwulizeni Domitila." Wakaniuliza hadi koo likakauka! Shahada nimepata, na wanataka nibaki kufundisha. Mama, nilipokuwa nawajibu nilikuwa nakuona wewe umesimama kanisani.

Nusu ya jiwe inabaki chuoni. Nusu nyingine anakuja nayo Thomasi, nimeifunga kwenye kanga yangu. Nimeusugua uso wake mpaka unang'aa. Piusi airudishe kona ile ile, kijani kitazame nje. Na Mama amwambie Mzee Felisiani kwamba safari hii natoa mwenyewe.

Binti yenu,
Domitila