Kwa Baba Neema, Uliyerudishwa Kupitia Namanga

Baba Neema wangu,

Sina anwani yako, ndiyo maana barua hii naiandika wazi, asome atakayesoma. Labda mmoja wa watakaoisoma amekuona mahali.

Juzi tulikuwa kwenye chumba cha walimu, redio ikizungumza habari za wageni wanaoingia nchini bila karatasi. Mwalimu mwenzangu akasema, "Wafunge tu mpaka. Hao watu wamekuwa wengi." Mwingine akamjibu kwamba ng'ombe wa huku wanavuka kila wiki na hakuna anayewauliza kitu. Wakacheka. Mimi nilikuwa nasahihisha madaftari. Nilitaka kuwaeleza habari zako. Nilipotazama chini, nilikuwa nimetia vema kwenye hesabu zote zilizokosewa.

Unakumbuka siku ya kwanza? Shule ilikuwa inajengewa madarasa mawili, ukaja na lori la mawe kutoka machimboni. Nilikuwa mwalimu mgeni hapa Kitengela, nimetoka Bungoma mwaka huohuo. Ulivua kofia mbele ya watoto ukasema, "Habari za asubuhi, mwalimu. Naomba kujua mawe haya tuyashushe wapi." Hapa mtu angesema tu, "Mawe tunaweka wapi?" Watoto walikuiga wiki nzima.

Hukunificha kitu. Kabla hujanitamkia mapenzi uliniambia, "Mimi ni mtu wa Singida, mwalimu. Nilivuka mpaka pale Namanga, na kibali sina." Nikaona ni jambo dogo. Tulifunga ndoa kanisani, tukapanga vyumba viwili mtaa wa Noonkopir, hapahapa Kitengela, Neema akazaliwa.

Jambo dogo lilipoanza kukua, tukaanza yale masomo yetu ya jioni. Nilikuwa nakufundisha Kiswahili kibaya ili usijulikane.

"Sema, niko na njaa."

"Nina njaa."

"Niko na!"

"Lakini mke wangu, hiyo si sahihi."

"Ndiyo, si sahihi. Sema."

Neema alikuwa anaanguka kwa kicheko. Nilikufundisha na salamu ya kwetu, mulembe, ili ukiulizwa useme wewe ni mtu wa Bungoma.

Wakati huo ndugu yangu Wafula alikuwa anakaa nasi. Alitafuta kazi machimboni miezi mitano, akaambiwa nafasi zimejaa. Ni kweli watu wa kutoka ng'ambo ya mpaka walikuwa wengi pale, na ni kweli walikubali malipo ambayo wa hapa waliyakataa. Mheshimiwa mmoja alipokuja kufanya mkutano akasimama juu ya pikapu, akasema wageni wamekula kazi za vijana wetu na lazima warudi kwao. Wafula alipiga makofi. Sote wawili tulimwona.

Ulimngojea mezani, ukamwekea chakula kama kawaida. Yeye ndiye aliyeshindwa kunyamaza.

"Shemeji, mimi sikuwa nasema wewe."

"Najua," ukamwambia. "Ningekuwa mimi ndiye wewe, pengine ningepiga makofi pia. Lakini lori la polisi likija halitajua ulikuwa unamsema nani."

Lilikuja Jumanne. Mzazi mmoja alinifuata darasani, nikakimbia hadi machimboni na chaki mikononi. Mlikuwa mmepangwa mstari juani. Afisa alipokufikia ulisema wewe ni mtu wa Bungoma, akakusalimu, "Mulembe," nawe ukaitikia, "Mulembe," vizuri kabisa. Akakuuliza chifu wenu ni nani, ukamtaja. Akapita. Nikaanza kupumua. Alikuwa ameshahoji watu wanne wengine wakati ulipomgeukia askari aliyekuwa na mtungi.

"Naomba maji ya kunywa, tafadhali."

Afisa akasimama. Akarudi polepole, anatabasamu. "Mkenya gani huyu anaomba maji hivyo?" Hata wachimbaji walicheka, Baba Neema. Ulinitazama kama mtoto aliyekosea mtihani. Nikasema, "Ni mume wangu, afande." Akasema, "Sijakataa, mama," akakuonyesha lori.

Nilikwenda ofisi ya uhamiaji Kajiado na cheti cha ndoa, cheti cha kuzaliwa cha Neema na kitambulisho changu. Karani hakuwa mtu mbaya. Alinitafutia hata kiti. "Kama ni wewe ulikuwa umetoka huko ukaolewa na Mkenya, tungekuandikisha uwe raia," akaniambia. "Lakini mwanamke Mkenya akiolewa na mtu wa nje, huyo mume hana fomu."

"Kwa nini?"

"Sheria ndiyo iko hivyo, mwalimu."

Nilimuuliza mara tatu, kana kwamba sheria ingechoka kabla yangu. Hakimu naye alimaliza kesi yako kabla sijapata mahali pa kumkalisha Neema.

Namanga tulisimama upande wetu tukikutazama unavuka. Uligeuka mara moja, askari akakwambia uendelee. Neema alikuwa na miaka minne. Aliuliza kwa nini baba anatembea bila kutungoja. Nikamfunga kamba za viatu ambazo hazikuwa zimefunguka.

Zilikuja barua mbili. Katika ya pili ulituita tuje, nami nikajibu kwamba sina kazi huko, tusubiri kidogo, pengine sheria itabadilika. Hukujibu. Nilidhani umekasirika. Mwaka wa tatu, shule zilipofungwa Desemba, nikamchukua Neema tukaja Singida kukuomba msamaha.

Mama yako alimkumbatia Neema kabla hajauliza sisi ni nani. Kisha akatazama nyuma yetu.

"Yeye yuko wapi?"

"Nani, mama?"

"Mume wako. Aliondoka hapa tangu Agosti. Alisema amechoka kungoja, anarudi kwenu. Alisema atapita porini, barabarani watamkamata tena. Alibeba gauni la mtoto."

Tulikaa pale siku tisa, na kila siku aliniuliza upya, kama labda nimesahau kumwambia kwamba ulifika.

Niliporudi nilikwenda polisi. Waliniuliza ulivukia wapi, nikasema sijui. Wakauliza kama ulikuwa na karatasi, nikasema hapana. Askari akafunga kitabu chake. "Basi, mama, kwetu sisi hakuingia." Nimewauliza kina mama wa Kimaasai wanaouza maziwa kule mpakani, nimewauliza wachungaji wa mifugo. Walinipa chai, wakanipa pole. Wafula alizunguka porini nao wiki mbili. Siku hizi mheshimiwa yeyote akija hapa, yeye huingia ndani akafunga mlango.

Neema ana miaka kumi na mmoja. Kitengela uliyoiacha haipo tena, na sasa mwenye nyumba anataka kubomoa vyumba vyetu ajenge ghorofa. Ametupa mpaka mwisho wa mwezi. Nilimsihi atuachie hata kimoja. Akasema, "Mwalimu, si mume wako akifika atapiga simu?" Wewe uliondoka kabla sijawa na simu. Namba yangu huijui.

Tumepata nyumba ng'ambo ya barabara kuu, nyuma ya soko la mbuzi. Jana nilimkuta Neema amechora ramani ya kufika huko kwa makaa, ukuta mzima wa chumba chako na changu, na mishale, na jina lake chini. Nikamwambia, mwanangu, ukuta huu unabomolewa.

"Najua, Mama," akasema. "Labda afike kabla."

Popote ulipo, Mungu akuone, kwa sababu mimi siwezi.

Mkeo,
Mama Neema