Picha ya Mwisho ya Fundi Kornelio Shemdoe

Mwaka umezunguka sasa tangu utuache, Baba, na tunapenda watu wote wa Lushoto wajue kwamba nyumba yako ya Magamba haiogopi tena giza.

Mchana uliishi kwa sindano, jioni kwa nyota. Kamera ya boksi uliipata kwa mpiga picha wa Tanga baada ya kumshonea mapazia. Kifuko cha mchanga cha kuiegemezea ulikishona kwa mabaki ya kaki. Uliiweka juu ya jiwe, ukafungua jicho lake na kuliacha wazi hadi maharage yaive, nasi tukikatazwa kuwasha hata koroboi. Jirani Shabani akipita hucheka: "Fundi, nyota nazo zimeagiza suti?" Nawe humjibu, "Naam, na hazibishii vipimo."

Waliokuita mchawi kwa kusimama gizani, suruali zao ulizitia viraka kwa upole uleule.

Jioni ile kifua kilikulaza. Filamu ilikuwa imebakiza picha moja, na Kilimia, kile kishada cha nyota cha wakulima, ulikuwa hujawahi kukipata. Ukamwita mwanao Kristofa. "Jicho nimeliacha wazi; kaa na boksi. Usiwashe kurunzi. Kilimia kikivuka paa la jiko, funga jicho."

"Baba, mimi simwogopi hata chui."

Hajafika kwenye jiwe, chui akakoroma msituni kama msumeno kwenye mbao mbichi.

Kristofa alikaa imara kama nguzo ya kanisa. Ndivyo alivyokuambia asubuhi, nawe ukamshika mkono: "Ahsante, mwanangu." Jumapili hatukuwa nawe.

Filamu ikalala ndani ya boksi. Kila Mama aliposema ipelekwe Tanga ikasafishwe, Kristofa alipata kisingizio: mara mvua, mara basi la Mombo limekwama. Mwishowe dada yake Yunis akaipeleka mwenyewe.

Picha imefika jana. Umekipata, Baba! Kilimia kipo, mistari myembamba kama ya chaki yako juu ya kitambaa cheusi. Lakini chini yake kuna mstari mnene wa mwanga, umeruka matuta ya kabichi ukiyumbayumba, ukaingia jikoni. Wa kurudi haupo.

"Kristofa," Mama akauliza, "nyota hii ilikuwa na miguu?"

Kristofa akaigeuza picha juu chini.

"Na jicho alilifunga nani?"

Kristofa akasema alidhani limejifunga lenyewe. Mama akatikisa kichwa. "Tulikuona kupitia dirisha ukikimbia. Baba yako akajitanda blanketi, akanishika bega, tukatoka bila taa. Mimi natetemeka, yeye anatetemeka. Akalifunga, akaniambia, 'Usimwambie kitu. Leo hata mimi naogopa.'"

Siku ya kukusahau haijapambazuka, wala haitapambazuka. Ni sisi: mkeo Raheli, binti yako Yunis, na mwanao Kristofa, mwandishi wa tangazo hili, ambaye Mama, akisoma juu ya bega lake, ameamuru lisiende gazetini bila maneno haya: bado analala na taa ikiwaka.