Gazeti Lililotangulia Kalenda

Nyumbani kwa mama yako,
Mbele ya lango la bandari.
Alhamisi, mchana.

Mpendwa Binamu,

Kwa heshima na taadhima, naujulisha ukoo mzima, pamoja na tawi lake la ng'ambo ambalo ni wewe peke yako, kwamba kiti cha mama yako kimehama rasmi kutoka dirishani kwenda mlangoni. Hakuna aliyejeruhiwa.

Baada ya tangazo hilo, hujambo? Mgongo umepoa, au bado unatoka kitandani kwa awamu? Huku tu wazima, ila hatutulii. Kila pikipiki ikikata kona naiacha kalamu nachungulia, maana tarishi wa halmashauri analeta jibu leo.

Jibu lenyewe ni hili. Wanapanua barabara ya malori. Nyumba zote za mstari wetu zinavunjwa isipokuwa moja, ile ambamo lilichapwa gazeti la kwanza la mji huu. Sisi tunasema ni hii, alimochapia babu yetu; mama yako amezaliwa humu na ameapa hatoki. Ila fundi cherehani wa nyumba ya pili anadai gazeti la kwanza lilikuwa la babu yake, yule waliyemwita Mzee Wino.

Wewe uliondoka mdogo, kwa hiyo hukuyajua magazeti yetu. Yalikuwa karatasi moja iliyokunjwa, habari za meli mbele, vifo nyuma. Nakala nyingi zilipelekwa miji ya mbali kwa mashua, zikifika zimeshachacha. Basi Wino akawa anaweka tarehe ya kesho ili wasomaji wa huko waone gazeti ni bichi. Babu yetu, aliyeusikia mpango huo mapema na asiyekubali kupitwa, akaweka ya mtondo, siku tatu mbele, tangu toleo lake la kwanza. Na ili habari zisigombane na tarehe, meli zikawa zinafikishwa mapema. Kuna meli ya nafaka ambayo magazetini ilitia nanga, ikapakua na kuondoka, wakati yenyewe ilikuwa bado inaitafuta bandari.

Sasa ujanja ule umeturudi. Wiki iliyopita bwana wa halmashauri aliyatandika mezani matoleo ya kwanza ya pande zote mbili. La Wino, Jumanne. Letu, Jumatano ya wiki hiyo hiyo.

Fundi akachekelea. "Shangazi, tarehe haina undugu. Anza kufunga mizigo."

"Wewe uzi tu unakushinda kuutia sindanoni," mama yako akamjibu, "leo umekuwa msomi wa tarehe?"

Kisha akavaa miwani, akasoma kurasa zote mbili hadi matangazo ya viatu. Wiki ile ghala la pamba lilishika moto. Gazeti letu linasema ghala linaungua, wananchi waje na ndoo. La Wino linasema ghala limeungua, wananchi wanashukuriwa kwa ndoo zao.

"Haya, bwana mkubwa," akamwambia yule bwana. "Kwenu ndoo huombwa kabla ya kushukuriwa, au baada?"

Yule bwana alicheka hadi akashika meza. Akapiga picha kurasa zote, akasema atawapelekea wakubwa waamue.

Tangu hapo fundi hatusalimii. Anashona bila kuinua kichwa, na kwa mtu mwenye mdomo kama wake hiyo ni hatari. Jana mama yako hakuvumilia, akapaza sauti kupitia ukuta: "We mjukuu wa Wino! Wakikuvunjia, cherehani ilete sebuleni kwangu. Ila mdomo uuache nje."

"Nitauleta wote, Shangazi," akajibu. Hapo angalau nyumba ikapumua kidogo. Mimi bado. Nimefagia ua mara mbili na mara zote mbili ulikuwa safi.

Msalimie shemeji, na wale mapacha waambie picha zao ziko juu ya redio, moja imeinama. Mama yako anakuombea riziki nyepesi na usingizi mzito.

Wako nikupendaye, hata usipojibu,
Binamu yako.

Nyongeza: Tarishi ameondoka sasa hivi. Tumeshinda. Nyumba yetu itahifadhiwa kama kumbukumbu ya mji, na kuanzia mwezi ujao mtu yeyote haruhusiwi kuishi ndani.