Meli Mbili Nyeupe za Penang

Kwa mjukuu wangu Wambui,

Natumai huko Dallas umeamka mzima. Hapa Lakeville theluji imetuzibia mlango, na mama yako bado yuko na zamu zake za hospitali. Umeniuliza kama mimi huwa naogopa, maana wewe unaogopa kutoka nje katika mji mgeni. Haya, sikiliza.

Ile safari ya meli ya watalii niliyokwenda na mama yako, tulipofika bandari ya Penang kule Malesia, nilishuka peke yangu mama yako akiwa amelala. Mimi nilichunga ng'ombe nikiangalia Mlima Kenya tu, na sikupotea hata siku moja. Nikasema meli yetu nyeupe ndiyo mlima wangu leo. Nikazunguka vichochoro kwa madaha.

Kurudi, meli nyeupe zilikuwa mbili. Niliyoifuata, askari aliangalia kadi yangu ya kupandia meli akanifukuza. Ile nyingine ikapiga honi kule mbali, na njia siioni. Hapo niliogopa, Wambui. Nikajiona nimeachwa nife huko, sina simu, sina lugha.

Nikamwonyesha kadi mama mmoja muuza supu. "Mama, nisaidie," nikasema kwa lugha yetu. Akacheka, akanishika mkono wa shati, akanivuta kama mbuzi wa sokoni mpaka melini. Mama yako alikuwa pale akilia.

"Baba, ungeachwa!"

"Nani aniache mimi?"

Lakini mpaka leo nikienda madukani Roseville, kadi ile naivaa shingoni, ndani ya shati. Usimwambie mtu. Wewe toka tu nje, na ukipotea, tafuta mama mmoja umsalimie.

Mimi babu yako, asiyepotea.