Mkono wa Chini wa Upinde

Jumatano

Mkono wa chini bado mgumu. Nimeshinda nikiukwangua kwa kipande cha chupa, lakini kamba ikivutwa unapinda ule wa juu peke yake. Inakera.

Baba Kulwa, anayenifundisha kutengeneza upinde, aliutazama akacheka. "Huku umekwangua, huku umepapasa tu. Unaogopa nini?"

Nikamwambia, "Baba, miaka tisa kazi yangu mgodini Rwamgasa ni kusimika magogo ndani ya duara, kule shimoni, udongo usituangukie. Gogo likianza kupinda, tunatoka mbio."

Nikaishia hapo. Wiki tatu zilizopita gogo langu moja lilikatika, jiwe likamvunja mguu Kulwa, mwanawe. Mzee anaamini lilikatika ghafla. Hajanilaumu hata mara moja, na ndiye aliyeniita nije nijifunze kwake, nisikae bure nikiwaza.

Nikakwangua tena, safari hii kwa nguvu. Akaniambia nivute. Mti ukalia, nikataka kulegeza.

"Shikilia," akasema.

Nikashikilia, na ule wa chini ukaanza kupinda, kidogo tu. Haukuvunjika.

Mzee akaupokea, akawa anaupapasa. Halafu akasema bila kunitazama, "Kulwa anakuulizia kila nikienda hospitali. Nimekuwa nikimwambia una homa."

Kesho napanda bodaboda mpaka Geita, hospitali kwa Kulwa. Sijui nitaanzia wapi. Labda nianzie asubuhi ile, nilipoliona gogo limepinda, nikasema litahimili mpaka jioni.