Yule Niliyemkaribisha Melini

Kwa mwanangu Hadija, Majengo, Dodoma.

Marahaba mwanangu, maana najua ukiifungua tu hii karatasi mdomo wako utasema shikamoo, hata kama mimi niko huku juu ya maji. Hujambo? Mumeo hajambo? Kile kikohozi cha Salma kimeisha, au bado unampa maji ya tangawizi badala ya kumpeleka zahanati? Mpeleke. Na bibi yako kule Kolo, mguu unamwachia kulala? Uwele uliiva au mnanunua? Nauliza mengi kwa sababu usiponijibu hata moja nitalibeba wiki nzima. Mimi mwili mzima, namshukuru Mungu. Moyo ndio umechoka.

Kwanza nisamehe. Jumapili ulinipigia ukacheka, ukaniuliza, "Mama, hiyo hoteli ya kulipia humo melini inafaa, au mnaibiwa tu?" Simu ikakatika. Mtandao haukuwa na kosa, mwanangu. Niliikata mimi. Mama Yani alikuwa amekaa pembeni yangu, na ingawa ni Mzungu, kwa miaka yote ile aliyokaa kwenye shamba la zabibu la Makutupora, Kiswahili anakisikia hata ukikinong'ona. Haya siwezi kuyasema mbele yake. Ndiyo maana nayaandika kwa mwandiko wangu huu wa darasa la nne, usome taratibu. Nitaipiga picha barua yote nikutumie.

Meli yenyewe ni mji. Ina lifti, ina duka la dhahabu, ina bwawa la kuogelea juu kabisa, sijui wenyewe wanaona bahari haiwatoshi. Chakula kimo ndani ya nauli. Kuna bwalo kubwa, unashika sahani, unapakua mpaka uchoke, na hakuna anayekuuliza. Mimi nakula samaki, mayai na wali. Nyama siigusi, sijui imechinjwaje. Halafu kuna migahawa midogo ambayo lazima ulipie tena juu ya nauli. Mmoja uko ghorofa ya juu, una meza sita na mapazia mazito. Humo sahani ni pana kama ungo na chakula ni cha kifaranga mgonjwa. Waliniletea povu la kijani, nikasema kumbe na huku mlenda upo. Kuonja, we acha tu.

Safari hii kalipa Yani. Daktari alimwambia, mama yako hana ugonjwa, ila hali chakula, na kwa umri ule asiyekula hafiki mbali. Unajua mwenyewe, tangu Baba Yani afariki tukamzika pale Dodoma, na Yani akamrudisha mama yake kwao Uholanzi na mimi nikachukuliwa nije kumtunza, huyu mama anakula vijiko vitatu, anasukuma sahani. Nikimwogesha naogopa kumsugua. Basi Yani akaona bahari itamfungua tumbo. Siku ya kupanda akanivuta pembeni. Yule Kiswahili chake ni cha kwetu kabisa, amekulia mgongoni mwangu.

"Mama Hadija, ule mgahawa wa juu nimewalipia jioni moja tu. Ukiona anakula, niambie, nitaongeza. Ukiona ni anasa ya bure, niambie pia. Usinifiche."

"Nitakwambia kama inafaa au haifai," nikamjibu.

Sasa nikueleze habari ya jua. Huku kaskazini tulikofika, jua halitui. Saa moja ya jioni liko pale, saa nne liko pale, linazunguka ukingoni mwa bahari kama mbuzi wa kamba. Magharibi haiingii. Naswali kwa saa za mji tulikotoka, Yani alimuulizia sheikh wa huko. Lakini unajua kwetu ikifika magharibi tunavyowaita watoto ndani, kwamba wakati ule wengine nao wanapita. Nikawa najiuliza, kama magharibi haiji, hao wengine huku wanapita saa ngapi? Au wanapita saa zote?

Siku ya tatu tukapanda kule juu. Ilikuwa saa kumi na mbili na nusu, mwanga mweupe umejaa dirishani, bahari imelala, haina hata kunyanzi. Mhudumu wetu ni Mfilipino, mtu mzima kama mimi, anaitwa Ramoni. Meza ilikuwa na viti vitatu. Akataka kuondoa kimoja, Mama Yani akakiwekea mkono. "Kiache." Nikadhani anataka pa kuwekea mkoba.

Nilikuwa na samaki mdomoni. Kuinua macho, naona mtu kasimama kwenye pazia la mlangoni, kofia mkononi, anaangalia sahani zetu kama mpita njia. Hadija, wewe ungefanyaje? Mdomo wangu ulisema wenyewe: "Karibu."

Unajua kwetu ilivyo. Unakula, mtu anapita, unamkaribisha, naye anasema "Nashukuru, endeleeni," anakwenda zake. Hata kama njaa inamuuma, atasema hivyo kwanza. Ni adabu ya pande zote mbili. Huyu hakusema nashukuru. Huyu alikuja.

Na hapo ndipo nilipomjua. Maana katika maisha yangu nimemwona mtu mmoja tu asiyejua kuikataa karibu. Ulikuwa mdogo, labda hukumbuki. Vibarua tukishakaa chini ya mizabibu na ugali wetu, Baba Yani akipita na ile kofia yake, tunasema, "Karibu bwana." Basi kweli anakuja! Anakunja suruali, anakaa chini, anamega. Siku ya kwanza ugali haukututosha. Mzee Selemani, msimamizi wetu, akasema, "Huyu hakufundishwa kukataa. Mkimkaribisha, mjue mmempata." Tulicheka mpaka mbavu zikauma. Na kuondoka haondoki mpaka umletee maji ya kunawa, kwa kuwa alidhani hiyo ni amri, kwamba mgeni hainuki kabla hajanawishwa. Siku moja tulimsahau, akakaa pale na mikono yake ina mlenda mpaka kengele ya kazi ikalia.

Niliinamisha uso. Sikusikia hatua. Kiti sikukiona kikivutwa, ila nilipotazama tena kilikuwa karibu na meza kuliko mwanzo, na baridi ikanipita magotini kama mtu kafungua friji chini ya meza. Juu ya kile kiti sikuona kitu. Lakini Mama Yani alisogeza chumvi upande ule, akatabasamu, akashika uma, akala. Alikula, Hadija! Samaki, viazi, mkate, na lile povu lao. Nikatokwa na machozi, ya furaha na ya hofu yamechanganyika, sikujua yapi ni yapi.

Ramoni akaleta karatasi ya kutia sahihi. Imeandikwa watu watatu. Nikamwonyesha vidole viwili. Akanionyesha vitatu, akaelekeza meza. Sahani ya tatu ilikuwepo pale. Tupu, imesafishwa, kisu na uma vimelazwa pamoja kama anavyolaza mtu aliyemaliza. Sikuona nani aliiweka.

Najua sheikh atasema wafu hawarudi, hayo ni majini yamejigeuza. Labda. Mimi sina elimu hiyo. Nilichojua ni kwamba nimemkaribisha mimi.

Kesho yake tukatia nanga, simu ikashika, Yani akapiga. "Vipi, amekula?"

"Amekula. Amemaliza sahani."

"Basi inafaa! Naongeza siku tatu."

Ningemwambia nini? Kwamba mama yako anakula kwa kuwa baba yako amekuja mezani? Nikamwambia sawa.

Siku tatu hizo tukawa tunapanda. Kila jioni karatasi watu watatu. Mama Yani anakula vizuri, mashavu yanarudi, nami kila siku naogopa zaidi. Mchana hataki hata chai. "Nangoja jioni." Mikono yake ikawa ya baridi, namfunika blanketi mbili haipati joto. Anaongea na kile kiti kwa lugha yao, polepole, kisha ananyamaza kama anayesikiliza jibu. Na jua lile halituiiiii, linatuangalia tu. Asubuhi ya siku ya nne ya mgahawa nikamkuta amevaa gauni la bluu, kafunga mkoba, kaketi kitandani.

"Unakwenda wapi, mama?"

"Mwenyewe amesema leo tukimaliza kula tushuke wote."

"Tushuke wapi? Bandari bado mbali."

"Si bandarini, Mwajuma." Akageuza uso dirishani, kwenye maji.

Mwanangu, hapo nikaelewa ni wapi. Siku hiyo Yani naye akapiga simu ya chumbani. Akauliza, aendelee kulipia mpaka mwisho wa safari? Nikamwambia asubiri kesho. Nikakaa bafuni nikawaza. Nikisema haifai, huyu mama atarudia vijiko vyake vitatu, atakufa kwa njaa mikononi mwangu. Nikisema inafaa, ataondoka ameshiba. Nikamkumbuka na marehemu, mtu mwema yule, alininunulia dawa zako ulipougua malaria. Sikuamini kwamba amekuja kuchukua mtu. Alikaribishwa, akala. Jioni tatu tumeinuka mezani tukamwacha, hakuna aliyemnawisha. Atajuaje kwamba chakula kimekwisha? Anadhani bado tunamtaka akae, na kama hatumpi ruhusa ya kwenda, basi labda aende na mkewe.

Jioni ile nilijifunga kanga yangu vizuri juu ya sweta. Walipomaliza kula, nikamwomba Ramoni kwa ishara jagi la maji ya vuguvugu na bakuli. Akaleta, hakuniuliza kitu. Nikainuka, nikaenda upande wa kile kiti. Mama Yani akanikamata mkono.

"Mwajuma, usifanye hivyo. Bado anakula."

"Ameshakula, mama."

"Atakwenda!"

"Ndiyo, mama."

"Miaka arobaini na mbili ya ndoa! Wewe ni nani?"

"Mimi ndiye niliyesema karibu," nikamwambia. Nikautoa mkono wake taratibu, nikainamisha jagi, nikasema kama tulivyokuwa tukisema shambani, "Nawa, bwana. Karibu tena siku nyingine" — hapana, hilo la mwisho nililimeza. Nilisema nawa, bwana, basi.

Maji hayakushuka moja kwa moja. Hili naliapia. Yalipasuka hewani, juu ya bakuli, yakatawanyika, yakaanguka kwa matone na vijito vidogo, kama yanavyoanguka yakishapita kwenye mikono inayosuguana. Nikamimina mpaka jagi likaisha. Kisha magotini pakapata joto. Ramoni akafanya ishara ya msalaba, akaleta karatasi. Watu wawili.

Mama Yani alisema neno moja tu tukiwa kwenye lifti: "Umemfukuza." Hakuongea tena. Hakula usiku huo wala siku nzima iliyofuata, hata maji anapokea kwa kugeuza uso. Yani akapiga. Nikamwambia, "Haifai. Chakula kizuri, wahudumu wazuri, lakini haifai. Bwalo linatutosha."

"Lakini si alikuwa anakula?"

"Yani, ulisema nikwambie. Nimekwambia."

"Sawa, mama." Akaniamini, na kule kuniamini kukanichoma. Maana akifa huyu mama kwa njaa, nimemuua mimi kwa neno langu.

Leo mchana nimempeleka bwaloni kwa kiti cha magurudumu. Kelele tupu, watoto wanakimbia na aiskrimu, sahani zinagongana. Nikamwekea supu ya samaki mbele. Imekaa mpaka imepoa. Mara akaniuliza bila kunitazama:

"Alipokuwa ananawa, alisema kitu?"

Sikusikia neno, Hadija. Nilisikia maji tu. Mungu anisamehe.

"Alisema, nashukuru, nimeshiba."

Akanigeukia. Ananijua huyu, tumezeeka jiko moja. "Hajawahi kusema hivyo maisha yake yote."

"Ndiyo maana nami nilishangaa," nikasema.

Akacheka kidogo kwa puani, chozi likamdondoka kwenye supu. Halafu akachukua kijiko. Amekula nusu bakuli. Si kama kule juu, ni nusu tu, polepole, anapumzika katikati kama mtu anayepanda mlima. Lakini anakula mwenyewe, na mkono wake nilipoushika ulikuwa na joto.

Zimebaki siku mbili tufike. Mkoba wake nimeuweka chini ya mto wangu, na mlango wa chumba naufunga mimi. Bado sijui kama nimemwokoa au nimemnyang'anya. Niombee.

Mwambie bibi yako wa Kolo namsalimu sana, msomee barua hii ila ruka habari za mgahawa, atashtuka na mguu wake. Msalimie mumeo, na mjomba wako mwenye mashine ya kusaga, na yule jirani yako muuza mlenda, mwambie wa huku hawamfikii. Salma umbusu kwenye kipaji cha uso kwa niaba yangu, umfunge vizuri kifuani asipigwe na upepo. Na wewe ule, mwanangu. Ukishika tu simu, kabla ya salamu, niambie umekula nini.

Ni mimi mama yako anayekuwaza kila saa,
Mwajuma