Vigogo Kumi na Viwili vya Mjomba Kibwana

Mjomba, shikamoo.

Nimeandika neno hilo halafu nikakaa kitambo, kana kwamba utaitikia. Nawe ulivyokuwa mzito wa kuitikia! Mtu alikuamkia mara tatu, macho yako yamo juu ya mti, unatafuta kitu ambacho hata wewe mwenyewe ulikuwa hujakijua. Basi leo sikulaumu. Naandika kwa herufi za Kiarabu za chuoni ulizonifundisha wewe, na mistari yangu bado inapanda mlima kama ulivyokuwa ukinitania. Karatasi nimepewa na mwalimu. Nitaisoma kaburini kwako Ijumaa. Nina jambo la kukiri, ila acha kwanza nikupe habari za nyumbani.

Mama hajambo, magoti tu. Anakutaja kila siku, na mara nyingi anakulaumu, kama mlivyozoeana tangu utotoni. Gari la moshi sasa linapita Morogoro na kwenda mbele, huko bara, na mlio wake unafika mpaka huku kwetu mlimani. Mbuzi wamekwisha uzoea, Mama bado. Tena msitu wa juu umefungwa. Miti imetiwa alama, na walinzi wa Serikali wanakaa njiani. Hapandi mtu kukata kuni wala kuteremsha maua. Kwa hiyo maua yako ya mitini, vile vigogo kumi na viwili ulivyoyafungia, ndiyo basi. Kikifa kimoja hatuna pa kukipata kingine.

Nakumbuka siku ulipoyaleta ya kwanza. Ulitoka kumbebea mizigo yule Mzungu aliyekuwa akikusanya mimea, miguu imevimba, na begani una gunia la vitu alivyovitupa: vishina vilivyovunjika, majani yaliyochanika, mizizi myeupe inaning'inia kama tambi. Mama akauliza kama vinaliwa. Ukasema haviliwi. Akauliza kama ni dawa. Ukasema si dawa. Akaingia ndani akakuacha na gunia lako. Mimi ndimi niliyekaa nawe uani, nikakushikia kamba za mgomba ukifunga kila kishina kwenye kigogo chake. Ukanipa vibao niandike mahali kila kimoja kilipotoka: Lupanga, Bondwa, na majina ya vijito nisivyopata kuviona. Ndivyo nilivyojua kuandika, kwa maua ambayo watu waliyacheka.

Waliacha kucheka alipokuja Bibi wa Boma, mke wa yule bwana mkubwa wa Serikali. Ua lake lilikuwa na miaka miwili halijachanua, na watumishi wake walikwisha mwambia ni kijicho. Ulinichukua tukaenda wote. Ulilitazama mle ndani ya chungu, limejazwa udongo mweusi mzuri wa bondeni mpaka shingoni, ukamwambia, "Bibi, huyu umemzika na yu hai." Nilitaka ardhi ipasuke nizame. Lakini alicheka, akakuachia kisu. Ukalitoa udongoni, ukakata mizizi iliyooza ile myeusi yenye kubonyea, ukaiacha migumu, ukalifunga kwenye gogo. Njiani ukanieleza: mizizi ya ua hili inakunywa upepo na mvua ya kupita, ukiifunika umeiziba pua. Na jani ndilo linalosema. Likikoza kijani, limezidi kivuli, halitakupa ua. Likiwa manjano, limeungua. Unataka lile la katikati, kama ndizi inayofikiria kuiva.

Hayo yote niliyajua, Mjomba. Ndiyo maana ninaona haya.

Tangu umeondoka hayakuchanua. Vuli ya kwanza ilipita bila ua hata moja. Nikasema yanalia msiba, yatasahau. Nikayaongezea maji, asubuhi na jioni. Nikayapa maji ya samadi ya mbuzi. Yakanawiri, wallahi, majani yakatoka mapana ya kupendeza, lakini maua hapana. Nikayasogeza kwenye jua zaidi, nikayarudisha. Kila nilipoona kitu kimechomoza ubavuni mwa shina nilikimbia kumwita Mama, na kila mara kikawa mzizi. Ulinifundisha kuvitofautisha, kwamba mzizi una ncha ya mviringo na kikonyo cha ua kina ncha kali kama kipi cha mguuni mwa jogoo. Nilijua ni mzizi. Nilikuwa nikimwita Mama hivyo hivyo.

Wajomba wengine wakaanza kusema maua yamekataa mikono yangu. Kwamba kitu cha marehemu kikimkataa mtu, kina sababu. Hawakujua walikuwa wamenishika pabaya. Mama mwenyewe hakusema hivyo, lakini kipupwe cha mwaka huu kilipoingia alisema vile vigogo vimejaa jikoni kila usiku, na kuni sasa ni shida kwa kuwa msitu umefungwa. Baridi ikiisha bila ua, alisema, gogo ni gogo, vitaingia mafigani.

Umeisikia hiyo, Mjomba? Jikoni kila usiku. Nitafika hapo.

Vigogo vilikuwa kumi na kimoja. Cha kumi na mbili alikichukua Bi Sikujua, mtani wetu, siku ya maziko yako. Hukumwona, lakini ungefurahi. Alivaa kanzu yako, akatembea katikati ya waombolezaji kichwa kakitazamisha juu, kiganja juu ya macho, anawagonga watu na kusema, "Niacheni, natafuta ua!" Mama, aliyekuwa hajaonja chakula tangu jana yake, alicheka mpaka akakaa chini. Kisha Bi Sikujua akaingia jikoni, akakibeba kigogo cha Bondwa mabegani. "Huyu ndiye mume niliyerithi mimi. Mkimtaka, leteni jogoo!" Hakuna aliyemzuia. Nani amzuie mtani msibani?

Sikwenda kukikomboa. Nilimwonea wivu kwa kuwa na kitu chako, na tena nilijua kwake hakuna wa kukitunza. Nikakihesabu kuwa kimekufa. Lakini Mama alipotaja mafiga, nikasema kama yote yanakwenda, heri yaende pamoja. Nikamkamata jogoo mwekundu nikavuka kijito.

Nilikiona kabla sijapiga hodi. Kilikuwa kimetundikwa kwenye nguzo ya banda la mbuzi, upande wa mawio ya jua, hakuna paa juu yake, hakuna chochote. Kina maua matatu. Meupe, ya umbo la nyota, na ile mikia mirefu inayoning'inia nyuma. Nilimwachia jogoo akakimbia, Bi Sikujua akatoka kumfukuza, mimi nimesimama tu na machozi yananitoka.

Nilimwuliza amekifanya nini. Alishangaa. "Nikifanye nini? Maji yenyewe nayachota bondeni na mgongo huu, nimwagilie gogo? Mume wangu kalala nje kipupwe kizima, kapigwa baridi, kakaukiwa, tazama alivyo kijana. Nyie mnawalea wenu kama wagonjwa."

Kama wagonjwa. Hakujua alichosema. Nilikaa chini pale penye mavi ya mbuzi.

Sasa nikiri, Mjomba. Kifua chako kilipozidi, baridi ya mwaka ule ilikuwa ikiingia mpaka kwenye mifupa ya nyumba. Nilikufunika kwa kila nguo tuliyokuwa nayo, nikaweka kigae cha moto chini ya kitanda, na bado ulitetemeka. Nilishindwa kukutia joto wewe. Basi jioni nilitoka uani, nikaviona vigogo vyako vimening'inia kwenye ukungu ule, nikaviingiza jikoni vyote, nikavipanga kandokando ya moto. Ukavisikia vikigongana. Ukaniambia kwa sauti iliyobaki, "Mwajuma, yatoe nje maua. Usiyaingize ndani." Nikasema, "Ndiyo, Mjomba." Baadaye ukauliza, "Yako nje?" Nikasema, "Yako nje." Ukafumba macho, uso wako ukatulia. Asubuhi hukuamka.

Hayakuwa nje. Nilikudanganya, na lile ndilo neno la mwisho uliloniuliza.

Nilijiambia umeweweseka. Nilijiambia mgonjwa anasema mengi. Kisha mwaka mzima, na kipupwe kilichofuata, niliyaingiza kila magharibi na kuyatoa kila asubuhi, na nilipoyaona hayachanui nilidhani unanikasirikia. Nilisimama mbele ya maua nikakuomba radhi kwa sauti, Mama akidhani nahesabu majani. Kumbe hukuwa na hasira. Ulikuwa unanifundisha kazi, basi, mpaka pumzi ya mwisho. Baridi ile ile iliyokuchukua ndiyo inayoyaita maua, nayo yanataka usiku wa baridi na mizizi kukaukiwa kidogo, ndipo yakumbuke kuchanua. Nimeichukia baridi hiyo, Mjomba, na bado naichukia. Lakini si yangu kuyakinga maua nayo.

Bi Sikujua alinipa kigogo. Alikwisha mpata jogoo wake, na bado alichuma ua moja akalichomeka kwenye kilemba, akasema hilo ni la eda yake. Nilipofika nyumbani Mama alikuwa uani anachambua kunde. Nikakiweka mbele yake. Alikitazama sana. Alinusa ua moja, akasema, "Kibwana huyu," kisha akainuka na magoti yake, akaingia jikoni, akaanza kuvitoa vigogo kimoja kimoja. Nami nikamfuata. Tulivitundika vyote kumi na viwili kwenye ule mpera wa uani, pale ulipokuwa ukivitundika wewe, na ilikuwa imebaki baridi ya wiki tatu hivi. Usiku wa kwanza sikulala vizuri. Nilisikia upepo, nikaamka, nikaufikia mlango, nikashika komeo. Nikarudi kitandani.

Hivi ninavyoandika, mvua za vuli zinanukia huko Lupanga. Vigogo vinne vimechomoza kitu ubavuni. Nimevitazama leo kwa mwangaza mzuri, nimegusa kwa kidole, wala sikumwita mtu. Ncha ni kali, Mjomba, zote nne. Vile vingine havina kitu bado, na kimoja nadhani nimekiua kwa maji, shina lake linabonyea. Nimekikata palipooza, nimekifunga upya. Kama hakitapona nitakuja kukwambia, sitakuficha.

Kibao cha Bondwa kimefutika kwa mvua, nitakiandika tena. Bibi wa Boma aliyeko sasa ametuma mtu kuuliza kwa nini lake halichanui. Nitakwenda kesho kutwa. Nitalitazama jani kwanza, halafu mizizi, halafu nitamwuliza linalala wapi.

Lala salama, Mjomba wangu. Kipupwe kitakachokuja, na vingine Mungu akinijalia kuviona, sitayaingiza ndani hata nikitetemeka mimi. Uliniuliza nami nikakujibu lisilo kweli. Sasa nakujibu tena: yako nje.

Mpwa wako,
Mwajuma